Kombe la Bibi na Kombe la Bwana

Mliniaga vizuri, vijana wa idara, na ninawashukuru. Mlinipa saa ya ukutani, doti ya khanga na hotuba ndefu kuhusu uadilifu wangu, iliyosomwa na mtu aliyekosea jina langu mara mbili. Baada ya soda mmoja wenu alinisogelea, akaniamkia, akauliza kwa nia njema kabisa: "Mama, hivi zamani Afisa Utamaduni na Michezo alikuwa anafanya kazi gani hasa?" Wenzake walimkanyaga mguu. Mimi nilicheka, nikasema nitaandika. Nilipanda daraja lini na kwa barua ya nani sitaandika. Hayo yamo kwenye jalada langu, na jalada langu, mnavyojua, halijaonekana tangu ofisi ihame.

Nilianza kazi miaka ile ya sukari ya foleni, ruksa ya biashara huria ikiwa ndiyo kwanza inabisha hodi. Kwetu ni Kasanga, ziwani, ambako marehemu baba na mama walikuwa wakiuza samaki, migebuka. Nikapanda Sumbawanga na gauni jepesi na ushungi mmoja. Watu walikuwa wamenitisha kwa habari za uchawi tu, na hakuna aliyenitajia baridi. Uchawi sikuwahi kuuona. Upepo wa Ufipa wa mwezi wa sita niliuona wiki ya kwanza, ulipoingia chumbani kwangu mtaa wa Kizwite bila hodi ukakaa mpaka mwezi wa nane.

Mkuu wangu alikuwa Mzee Desideri, Mfipa mrefu wa Kaunda suti ya kijivu, mwenye sauti ya kusomea misa. Siku ya kwanza hakuniuliza vyeti. Alivua koti lake akanirushia.

"Vaa kwanza, binti. Mtu anayetetemeka mwandiko wake hausomeki."

Kisha akafungua kabati na kunionyesha vifaa vya kazi. Pampu ya mpira na sindano yake. Kopo la maziwa lililotobolewa matundu chini, la kuchorea mistari ya uwanja kwa chokaa, au kwa majivu chokaa ikikosekana, na chokaa ilikosekana kila mwaka. "Upepo uwe mgongoni mwako siku zote," alinifundisha. "La sivyo uwanja utabaki mtupu, na wewe utarudi nyumbani watoto wakukimbie." Mpira ukitoboka tulimpelekea fundi baiskeli, si fundi viatu, kwa sababu fundi viatu alishona ngozi vizuri lakini upepo haukumheshimu. Na filimbi. "Hii ni ya chuma. Wakati wa baridi usiipulize mpaka uipashe kwapani. Itang'ang'ania mdomo wako, na mchezaji aliyemvunja mwenzake atakuwa amekwisha fika kijijini Mollo."

Rafu ya chini kulikuwa na mizigo miwili iliyoviringishwa blanketi. Aliifungua taratibu kama anayemfunua mtoto aliyelala.

Yalikuwa makombe ya ligi ya wilaya. Ila hayakuwa makombe. Yalikuwa vyombo vya maua vya Kifaransa, jozi moja, kila kimoja kikinifika gotini kikisimamishwa chini. Kiwiliwili kilikuwa cha buluu iliyokolea kama ziwa la kwetu kabla ya mvua. Rangi hiyo, Mzee alinieleza, ni unga wa kioo uliochomwa juu ya shaba mpaka ukayeyuka. Vishikio vilikuwa vichwa vya kondoo dume, miguu ilikuwa makucha ya simba, na kila kitu cha shaba kiliwahi kupakwa dhahabu. Kwenye kimoja alichorwa mwanamke wa Kizungu anabembea, bega moja wazi. Kwenye cha pili alichorwa mwanamume mwenye soksi ndefu anapuliza zumari, macho ameyaelekeza kwa mwenzake. Yakipangwa vizuri walitazamana. Yakipangwa vibaya bwana alimpulizia zumari ukuta.

Wazee walisimulia kwamba padri mmoja Mfaransa, wa enzi za babu zao, alitumiwa jozi hiyo na dada yake kutoka Ufaransa, aweke maua altareni. Yalikaa altareni mpaka alipokuja padri mwingine aliyelitazama lile bega kwa karibu zaidi. Naye, badala ya kuyavunja, aliyatoa zawadi kwa ajili ya michezo ya vijana. Hivyo ndivyo mshindi wa ligi ya Sumbawanga alivyopata Kombe la Bibi, na mshindi wa pili Kombe la Bwana. Ukubwa ni uleule, uzito uleule, lakini aibu si ileile. Timu iliyorudi kijijini na Bwana ilitaniwa mwaka mzima. "Mmeleta mkwe?" waliulizwa kisimani.

Kuyatunza ilikuwa kazi, tena kazi halisi, msicheke. Shaba tulisugua kwa majivu na ndimu, lakini tone la ndimu lisiguse buluu. Buluu ilipanguswa kwa kitambaa laini na maji ya uvuguvugu. Usilibebe kwa vishikio hata siku moja. Libebe kwa kukumbatia. Nahodha mmoja alibeba Bibi kwa kichwa cha kondoo, kichwa kikang'oka. Kikarudishwa na fundi wa mjini kwa nati ya baiskeli, na nati hiyo ndiyo iliyodumu kuliko vyote.

Kanuni za ligi alikuwa ameziandika Mzee Desideri mwenyewe. Mojawapo ilisema kwamba timu itakayochukua kombe lolote misimu mitatu mfululizo, kombe hilo litakuwa mali yake. Aliandika "kombe lolote" kwa haraka, aliniambia, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na baiskeli yake haikuwa na madigadi.

Mwaka uliofuata ruksa ikaingia kweli. Mitumba ikajaa sokoni, mabasi ya watu binafsi yakaanza kupita na majina ya ajabu ubavuni, na mashirika ya umma yakaanza kuuzwa moja moja kama mali ya marehemu. Ofisi yetu haikuuzwa kwa sababu haikupata wa kuitazama. Ilipunguzwa tu. Tarishi akaondoka, karani akaondoka, mwishowe Mzee Desideri naye akastaafu akarudi kwake Kizwite kufuga kuku. Nikabaki mimi na kabati. Nilikuwa natoa vibali vya ngoma, nakagua vibanda vya video, nachora uwanja, naandaa mwenge, na siku za sikukuu naongoza kwaya ya watumishi wasiojua kuimba. Kisa kigumu cha mwaka mzima kilikuwa mwenye kibanda cha video pale Kizwite aliyeapa kwamba filamu zake za karate ni elimu ya watu wazima. Nilizitazama zote ili niamue. Sijaamua mpaka leo.

Misimu miwili iliyofuata ligi ilienda mtindo mmoja. Timu ya Izia walichukua Bibi, timu ya Mollo wakachukua Bwana. Kisha Izia wakachukua Bibi tena, na Mollo, masikini, Bwana tena.

Mwenyekiti wa Izia alikuwa Gaspari, mwenye hoteli ya chai, mtu wa tumbo na ahadi nyingi. Bibi aliliweka kaunta, likawa la kuwekea vijiko. Mwenyekiti wa Mollo alikuwa Masanja, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake, mpole, mwenye fimbo na kofia ya pama. Alikuwa anaipenda timu ile kuliko waliozaliwa Mollo. Kwake Bwana lilikaa nyuma ya nyumba, ndani yake chumvi ya mifugo.

Nilikuwa kwa Gaspari nakunywa chai siku alipoingia Mzungu. Alikuwa mfupi, shati limemlowa jasho pamoja na baridi yote ile. Alikuja Sumbawanga kutazama mashine za kusaga unga zilizokuwa zinauzwa, na Kiswahili alikijua, kwa kuwa alikaa miaka mingi Bujumbura. Aliagiza chai. Gaspari akachomoa kijiko ndani ya Bibi akakitia kwenye kikombe. Mzungu akaliona Bibi, akasimama, akakaa, akasimama tena.

"Hiki… hiki ni nini?"

"Kombe," alisema Gaspari.

"Si kombe! Hii ni shaba na kioo, kazi ya Ufaransa, karne iliyopita! Hii hukaa katika majumba ya wakubwa!"

"Hata hapa ni hoteli," Gaspari alisema, kidogo ameumia.

Mzungu alivitoa vijiko kimoja kimoja, akavipanga mezani kama daktari anayetoa risasi. Alipofika chini aliuliza, kwa sauti ndogo, kama liko lingine, la mwanamume mwenye zumari. Wateja wote wakamjibu kwa pamoja: "Bwana! Liko Mollo, lina chumvi!" Nikadhani atazimia. Jina lake lilikuwa Armand. Sisi tukamwita Musyu Amandi.

Kesho yake alikuwa ofisini kwangu, amekwisha kwenda Mollo na kurudi, macho mekundu.

"Madamu Zuhura, nataka kununua jozi. Jozi, siyo moja. Moja bila mwenzake ni mjane."

Niliona bora kumwuliza mkubwa wetu wa wilaya. Mkubwa alisema zama hizi kila kitu kinauzwa, tuuze, tununue makombe mapya ya kung'aa kutoka Dar es Salaam. Nikamsomea kanuni: ofisi inatunza tu, makombe ni ya kugombewa. Mkubwa alikuna kidevu, akaniambia basi nimweleze mgeni mwenyewe. Ndivyo wakubwa wanavyofanya na kanuni. Muwe mnazijua kwa moyo.

Musyu Amandi aliisoma kanuni ile kwa kidole. "Misimu mitatu mfululizo… kombe lolote." Akainua uso. "Na Izia wamechukua Bibi mara mbili?"

"Mbili."

"Na Mollo Bwana, mara mbili?"

"Mbili."

"Kwa hiyo mwaka huu mambo yakienda vilevile, Izia wanaweza kuniuzia Bibi, na Mollo wanaweza kuniuzia Bwana."

"Ndiyo," nilisema. "Mambo yakienda vilevile."

Alinishukuru, akaondoka karibu anakimbia.

Wiki hiyohiyo timu zote mbili zikawa na jezi mpya na viatu vya mpira vya njumu, vitu ambavyo tulikuwa tunaviona gazetini. Hoteli ya Gaspari ikapakwa rangi. Ng'ombe wa Masanja, waliokuwa wanaanguka kwa kupe, wakapata dawa ya kuogeshea, madumu kwa madumu, wakapona. Mzungu hakuficha kitu. Aliwakalisha wenyeviti wawili kwenye meza moja, akawaomba kistaarabu: wafike fainali, Izia washinde, Mollo washindwe. Mji mzima ulijua kabla chai yao haijapoa.

Nikaenda kwa Mzee Desideri. Nilimkuta anawapa kuku pumba.

"Mzee, shikamoo. Hii si haramu?"

"Marahaba. Kanuni inakataza nini?"

"Kumpiga mwamuzi, na kuvaa hirizi inayoonekana."

"Basi haikatazi Mzungu." Akamwaga pumba zilizobaki. "Wewe chora uwanja, binti. Mpira una akili zake."

Walifika fainali wote wawili, kwa sababu hakuna timu nyingine iliyokuwa na viatu. Asubuhi ya fainali mwamuzi wetu, mwalimu wa shule ya msingi, alituma habari kwamba malaria imempanda ghafla. Msaidizi wake naye malaria ileile. Nikavaa suruali ndani ya gauni, nikafunga ushungi vizuri, nikaweka filimbi kwapani, nikaingia mwenyewe.

Sijawahi kuona watu wengi vile kwa mechi ambayo matokeo yake yalikwisha julikana. Walitoka Izia, Mollo, Kizwite, hata wachuuzi wa dagaa kutoka ziwani. Musyu Amandi aliketi kwenye kiti cha kukunja, mbele yake meza, juu ya meza Bibi na Bwana, wamesuguliwa, wanatazamana. Kando yake masanduku mawili ya mbao yaliyojaa majani makavu, tayari kwa safari.

Kipindi cha kwanza kilikuwa msiba. Mollo walitembea kama watu wanaokwenda hospitali kumwona jirani. Mpira ulipomfikia beki wao, alisogea pembeni kwa adabu kama anayempisha mzee mlangoni. Hata hivyo Izia walikosa, na kukosa tena, kwa sababu Gaspari alikuwa amewashindilia wali na nyama asubuhi ile, na mshambuliaji wao alikuwa anacheua. Goli lilipopatikana, kipa wa Mollo alikuwa amechuchumaa anafunga kamba za viatu. Hakuna aliyeshangilia. Mtu mmoja alipiga makofi mara mbili, akatazama kulia na kushoto, akaacha.

Wakati wa mapumziko niliwaendea Mollo niwaonye kuhusu kuchelewesha mchezo. Walikuwa wamekaa chini. Mama Kulwa, mke wa Masanja, alikuwa amewaletea maji. Aliweka ndoo chini kwa kishindo.

"Masanja, mume wangu. Hilo Bwana nimekaa nalo misimu miwili. Likirudi kwangu leo, litalala ndani, na wewe utalala na ng'ombe."

"Lakini leo haturudi nalo, Mama Kulwa. Leo linauzwa."

"Watu watasema nini? Kwamba Mollo waliuza kushindwa kwao?"

Masanja alinigeukia mimi, kana kwamba jibu liko kwenye filimbi. Macho yake yalikuwa na maji.

"Afisa, ng'ombe wangu wako hai kwa sababu ya yule mtu. Mtu akikupa uhai wa ng'ombe, unamwambia nini?"

Mwamuzi hana ruhusa ya kujibu hayo. Nahodha wao, kijana Mfipa aitwaye Oswald, ndiye aliyejibu, bila kuinua kichwa.

"Mzee, dawa ni yako na yeye. Viatu ndivyo vyetu. Tumrudishie."

Akaanza kufungua kamba. Wenzake wakamtazama, wakafungua nao. Masanja alisimama. Kisha akachukua fimbo yake akavuka uwanja, nao wakamfuata pekupeku, kila mmoja na viatu vyake mkononi. Wakavipanga mstari mbele ya meza, visigino pamoja, safi kabisa. Masanja akavua kofia.

"Wabeja sana, Musyu, asante. Kwa dawa nitakuletea ndama jike, umchague mwenyewe. Ila kushindwa siwezi kukusaidia."

Musyu Amandi alivitazama viatu, akaitazama meza. Mimi nikapuliza filimbi, maana mapumziko yalikuwa yameisha, na pia kwa sababu nilikuwa karibu kulia mbele ya umma.

Kipindi cha pili ndipo nilipojua kwamba Mollo walikuwa wanajua mpira. Bila viatu walikuwa wepesi kama swala, na Izia, wenye njumu na wali tumboni, walikuwa wanateleza kwenye mistari yangu ya majivu. Oswald alisawazisha kwa kichwa. Kisha Izia nao wakapandwa na hasira, hasira ya kweli, kwa sababu hakuna aliyependa kuonekana kwamba alikuwa anapewa ushindi. Ukawa mpira. Wakapigania kila kipande cha uwanja. Mwisho kabisa beki wa Izia akaushika mpira kwa mkono ndani ya eneo lake, mbele ya macho yangu, na macho yangu yakakutana na ya Gaspari. Nikaonyesha penalti. Gaspari akakaa chini kwenye nyasi kama mzigo wa mahindi.

Oswald akafunga. Mbili kwa moja.

Mama Kulwa alilikumbatia Bibi juu ya meza kabla sijamaliza kupuliza, akaondoka nalo mbio kuelekea Mollo, wanawake wengine nyuma yake na vigelegele. Hotuba ya mkubwa wa wilaya ilisomwa mbele ya Kombe la Bwana, viatu, na masanduku mawili matupu.

"Madamu Zuhura," Musyu Amandi aliniuliza watu walipopungua, "sasa inakuwaje?"

"Sasa msimu ujao, Musyu. Unaanza kuhesabu moja."

Nilitegemea ataondoka na basi la kesho. Hakuondoka. Alipanga vyumba viwili Izia, akasema atasubiri. Mashine za unga alikwisha zisahau. Alinunua maharage na kuyapeleka Mbeya ili apate riziki, na kila Jumamosi alikuwa uwanjani na kiti chake. Mwanzoni alikuja kutazama makombe. Akipita mtu na Bibi begani alikuwa anafumba macho. Msimu mmoja Izia walishinda, msimu mwingine Mollo, msimu mwingine timu ya magereza wakachukua Bwana na kulifanya la kuhifadhia karanga. Kila timu ilipokaribia mara ya tatu, kitu kilitokea: kipa kuoa, mvua, nguruwe kuingia uwanjani. Watu wa nje walisema ni njama. Mimi ndiye niliyechora mistari, nami nasema haikuwa njama. Ilikuwa tu kwamba wote walitaka kushinda.

Polepole nikaona macho ya Musyu yamehama mezani yamekwenda uwanjani. Akaanza kupiga kelele. Akaanza kumshauri Masanja jinsi ya kupanga mabeki. Yule ndama jike alimchukua, akamwacha kwenye zizi la Masanja, akazaa, na kwa njia hiyo Mzungu akawa na sababu ya kwenda Mollo kila siku. Mwishowe alilipa kiingilio cha uanachama kama mtu yeyote, akawa kocha. Nikiwa mwamuzi nilimpa kadi ya njano kwa kunitukana Kifaransa. Sikuelewa maneno, lakini mama yangu alikuwa muuza samaki na toni ile naijua.

Basi ukafika mwaka ambao Mollo walichukua Bibi mara ya pili mfululizo, na uliofuata wakaenda fainali tena. Safari hii nguruwe hakuingia. Mollo walishinda bila ubishi, Oswald, ambaye sasa alikuwa na mvi kidogo, akifunga goli lake la mwisho. Kwa kanuni, Kombe la Bibi likawa mali ya Mollo.

Mkutano wa wanachama ulifanyika nyumbani kwa Masanja. Nilialikwa kama ofisi. Gaspari alikuja kwa sababu hakuna aliyeweza kumzuia, na Mzee Desideri aliletwa kwenye pikapu, amefunikwa mablanketi mawili, kuku mmoja wa zawadi mapajani. Bibi liliwekwa kwenye kiti katikati. Lilikuwa limechoka. Buluu ilikuwa imebanduka sehemu nyingi, mguu mmoja wa simba ulikuwa umepinda, na yule mwanamke wa bembea alikuwa amebaki na jicho moja. Lakini Musyu Amandi alikuwa amelisugua mwenyewe asubuhi ile, majivu na ndimu kwenye shaba, maji ya uvuguvugu kwenye kioo, na liling'aa.

Masanja alisimama kwa fimbo yake.

"Ndugu wanachama. Huyu mwenzetu alikuja hapa kwa ajili ya chombo hiki. Amesubiri kama mtu anayesubiri mahari. Leo ni chetu, tunaweza kukitoa. Musyu, sema neno lako, sisi hatutakupinga."

Watu walimgeukia. Alikuwa amekaa kwenye gogo katikati ya vijana wake, koti la michezo la Mollo mwilini, kidevu juu ya ngumi. Alilitazama Bibi mpaka ng'ombe mmoja zizini akachoka kusubiri, akalia.

"Siuzi," alisema.

Nikadhani ulimi umemteleza. Nikamnong'oneza, "Musyu, wewe ni mnunuzi. Unatakiwa kusema hununui."

"Ninajua nilichosema, Afisa. Mimi ni mwanachama. Ninapiga kura. Siuzi."

Oswald aliinua mkono wake, kisha Mama Kulwa, kisha mikono yote. Hata Gaspari aliinua, akakumbushwa kwamba si mwanachama, akaushusha, kisha akauinua tena.

"Mimi nauliza swali tu," alisema. "Kombe likikaa hapa Mollo milele, sisi msimu ujao tunagombea nini? Karanga za magereza?"

Hakuna aliyekuwa amefikiria hilo. Mama Kulwa ndiye aliyesimama, akalikumbatia Bibi kama linavyotakiwa kubebwa, akaja kuliweka mikononi mwangu.

"Lipeleke ofisini, Afisa. Wakilitaka waje walichukue uwanjani."

Tulirudi mjini na pikapu ileile. Mzee Desideri alikaa mbele na dereva, mimi nyuma na Bibi mapajani, upepo unatukata. Tulipopita Izia vijana waliokuwa wamekaa barazani kwa Gaspari waliliona. Mmoja akapiga kelele, "Jamani, limerudi!" na wote wakaruka wakaanza kukimbia kando ya gari. Waliuliza kama limeuzwa, nikatikisa kichwa. Waliuliza kama linagombewa, nikasema ndiyo. Hawakuuliza lingine. Tulipofika uwanjani walikuwa wamekwisha gawana pande mbili na kuweka mawe ya magoli, ingawa msimu ulikuwa umefungwa na jua lilikuwa linaelekea kuzama.

Dereva aliniuliza kama tuendelee mpaka ofisini. Mzee Desideri alikuwa amekwisha shusha kioo chake ili aone vizuri. Nikamwambia dereva azime gari.